Wasomaji Wanauliza: Beethoven Kwenye Filamu za Makala

Safu hii imepokea maswali mengi kuhusu filamu za makala zinazosimulia maisha na muziki wa Ludwig van Beethoven, mtunzi aliyezaliwa Bonn, Ujerumani, mwaka 1770 na kufariki Vienna, Austria, tarehe 26 Machi 1827. Baadhi yenu mmezitazama na mnataka kujua lipi la kweli na lipi limetiwa chumvi. Wengine mnatengeneza filamu zenu fupi, shuleni au kwenye kwaya. Tumeyachanganya maswali makusudi, maana mtazamaji anayeijua kazi ya mtengenezaji hadanganyiki upesi.

Kwenye filamu niliyoiona, Beethoven anatunga Simfonia ya Tano akiwa kiziwi kabisa, hata radi haisikii. Ni kweli? (Mwanafunzi, Dodoma)

Si kweli. Simfonia ya Tano ilipigwa mara ya kwanza tarehe 22 Desemba 1808 katika Theater an der Wien, na wakati huo Beethoven alikuwa bado anasikia, ingawa kwa taabu. Uziwi wake ulikuja polepole kwa zaidi ya miaka 20. Filamu nyingi huubana mpaka ukaonekana wa usiku mmoja, na hapo ndipo zinapoharibu hadithi, kwa sababu uchungu wenyewe ulikuwa kwenye huko kupungua kidogo kidogo.

Ukitaka kuikagua filamu yoyote, shika tarehe hizi. Dalili zilianza miaka ya mwisho ya 1790. Tarehe 29 Juni 1801 alimwandikia rafiki yake, daktari Franz Wegeler, kwamba masikio yanavuma usiku na mchana. Tarehe 6 Oktoba 1802, akiwa Heiligenstadt karibu na Vienna, aliwaandikia ndugu zake waraka akikiri kwamba nusura ajitoe uhai, na kwamba sanaa ndiyo iliyomzuia. Waraka huo haukutumwa. Ulikutwa kwenye karatasi zake baada ya kifo. Mwaka 1814 bado alipiga piano mbele ya watu. Mpiga fidla Louis Spohr, aliyeyasikia mazoezi, aliandika kwamba penye nguvu Beethoven aligonga mpaka nyuzi zikalia ovyo, na penye upole nota nyingine hazikutoka kabisa. Kuanzia 1818 wageni walimwandikia maneno yao kwenye daftari, naye akajibu kwa mdomo. Ndiyo maana daftari hizo, ambazo zaidi ya 130 zimesalia, zimejaa maswali ya watu wengine huku majibu yake yakikosekana.

Uziwi uliokaribia kuwa kamili ni wa wakati wa Simfonia ya Tisa, tarehe 7 Mei 1824, ukumbi wa Kärntnertortheater. Beethoven alisimama mbele akionyesha mwendo, lakini aliyeongoza hasa ni Michael Umlauf, na wapigaji walikuwa wameagizwa wamfuate Umlauf. Mwimbaji wa alto, Caroline Unger, ndiye aliyemgeuza awaone watu wakishangilia. Mashahidi hawakubaliani kama ilikuwa baada ya sehemu ya pili au mwisho kabisa, kwa hiyo filamu zikitofautiana hapo, zisamehe.

Na aliwezaje kutunga asiposikia? Mwalimu wa kwaya akishika karatasi ya sol-fa, huusikia wimbo kichwani kabla kwaya haijafungua mdomo. Beethoven alikuwa na uwezo huo kwa okestra nzima. Tangu ujana wake Bonn alipiga ogani kanisani na fidla ya alto kwenye okestra ya mtawala, hivyo sauti ya kila chombo ilikuwa imeshamkaa akilini zamani.

Msimulizi alisema Beethoven mwenyewe alizieleza nota nne za mwanzo wa Simfonia ya Tano kuwa "majaaliwa yanabisha hodi". Nani alimsikia akisema hivyo? (Msomaji, Mombasa)

Anton Schindler, aliyekuwa katibu wake kwa muda na kuchapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1840. Tatizo ni kwamba mwaka 1977 watafiti walitangaza kuwa Schindler aliingiza maneno yake mwenyewe kwenye zile daftari baada ya Beethoven kufa, ili aonekane alikuwa rafiki wa karibu zaidi. Tangu hapo kila neno lenye shahidi mmoja tu, naye ni Schindler, hupokelewa kwa tahadhari. Carl Czerny, mwanafunzi wa Beethoven, alitoa maelezo mengine kabisa: nota zile zilitokana na sauti ya ndege.

Kama unaandika masimulizi ya filamu, usiifute hodi hiyo, ila ipe mwenyewe: "kwa mujibu wa Schindler". Maneno manne tu, na mtazamaji anakuwa ameheshimiwa. Kwenye orodha hiyo hiyo weka na jina la "Sonata ya Mbalamwezi". Beethoven aliiita sonata yenye namna ya fantasia. Mbalamwezi ililetwa na mwandishi Ludwig Rellstab. Picha ya ziwa usiku juu ya muziki huo inamwonyesha Rellstab, haimwonyeshi Beethoven.

Filamu moja inasema aliuawa na sumu ya madini ya risasi, nyingine inakataa. Nani mkweli? (Muuguzi, Mwanza)

Angalia mwaka filamu ilipotengenezwa. Zile za zamani zilitegemea shungi moja la nywele lililoaminiwa kukatwa kichwani mwake siku moja baada ya kifo, na ndani yake kulikuwa na risasi nyingi. Machi 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba uliopima mashungi manane. Matano yalionekana kuwa yake kweli, ila lile shungi maarufu lilikuwa la mwanamke. Hoja nzima iliyojengwa juu yake ikaanguka siku hiyo.

Utafiti huo ulikuta alama za urithi zinazoongeza hatari ya ugonjwa wa ini, pamoja na virusi vya homa ya ini aina ya B vilivyokuwa mwilini miezi ya mwisho. Ongeza pombe, ambayo watu wa karibu waliitaja, na unapata maelezo yenye mashiko. Chanzo cha uziwi hakikupatikana. Mwaka 2024 mashungi mawili yaliyothibitishwa yalipimwa, nayo yakakutwa na risasi nyingi, lakini watafiti walisema kiwango hicho peke yake kisingetosha kumuua. Kwa hiyo filamu ya kabla ya 2023 itazame kwa muziki wake, na sehemu ya kifo uiruke.

Mitandaoni wanasema Beethoven alikuwa mtu mweusi na filamu zinamficha. Mnasemaje? (Msomaji, Nairobi)

Dai hilo lilianza mwanzoni mwa karne ya 20. Kumbukumbu za ubatizo zinaonyesha alibatizwa Bonn tarehe 17 Desemba 1770. Ukoo wa baba yake ulitoka Mechelen, ambayo sasa iko Ubelgiji. Na vinasaba vya yale mashungi matano vinaonyesha asili ya Ulaya. Vinasaba hivyo vilifichua jambo jingine: upande wa kiumeni haukulingana na watu wa ukoo wa van Beethoven walioko Ubelgiji leo, maana yake huko nyuma kuna mtoto ambaye baba yake wa damu si yule aliyeandikwa.

Lakini yupo mwanamuziki mwenye asili ya Afrika ambaye filamu nyingi humpita kwa sekunde chache au humwacha kabisa, na hilo ndilo la kulalamikia. Ni George Bridgetower, mpiga fidla aliyezaliwa Poland mwaka 1778, baba yake akiwa wa asili ya Afrika na mama Mzungu. Alikulia jukwaani Uingereza, akalelewa kimuziki kwa msaada wa mwana wa mfalme. Alipofika Vienna, Beethoven alimtungia sonata, na tarehe 24 Mei 1803 waliipiga pamoja asubuhi katika bustani ya Augarten. Kazi ilikuwa haijakauka wino: kwenye sehemu ya pili ilimbidi Bridgetower asome nota kwenye karatasi ya Beethoven mwenyewe. Karatasi za mwanzo zina jina la Bridgetower. Baadaye walikosana, na sonata ilipochapishwa mwaka 1805 ikawa imeelekezwa kwa Mfaransa Rodolphe Kreutzer. Mpaka leo inaitwa "Kreutzer". Anayetaka kutengeneza filamu ya dakika 10 juu ya Beethoven, na asirudie yaliyorudiwa, mada ndiyo hii.

Tuliweka video ya kwaya yetu ikiwa na Simfonia ya Tisa, ikafungiwa kwa madai ya hakimiliki. Beethoven si amekufa karibu miaka 200? (Mwanakwaya, Nakuru)

Utunzi hauna mwenyewe tena. Kenya na Tanzania huhesabu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nchi za Umoja wa Ulaya 70. Kwa Beethoven zote zimepita zamani. Kinachowanasa watu ni tabaka mbili nyingine zilizolala juu ya utunzi.

Ya kwanza ni mpangilio. Mtu akichukua tuni ya Beethoven akaipanga upya kwa kwaya ya sauti nne, au kwa bendi ya tarumbeta, mpangilio huo ni mali yake. Mfano mzuri ni wimbo wa Ulaya, uliochukuliwa na Baraza la Ulaya mwaka 1972: tuni ni ya Beethoven, lakini mpangilio rasmi ulifanywa na Herbert von Karajan, aliyekufa mwaka 1989. Ukiutumia huo, unatumia kazi ya Karajan.

Ya pili ni rekodi. Rekodi ya mwaka jana ya kazi ya mwaka 1824 ina wapigaji na mtayarishaji wenye haki zao. Kama mlipakua okestra kutoka intaneti mkaiweka chini ya picha zenu, madai ni halali na dawa ni kuitoa. Kama mliimba na kupiga wenyewe kutoka nota za zamani, mfumo umekosea: unalinganisha sauti kwa mashine, na Beethoven wenu amefanana na Beethoven wa kampuni fulani. Kwenye YouTube fungua pingamizi, andika kwamba utunzi hauna hakimiliki na rekodi ni yenu, taja tarehe na mahali mliporekodi. Mdai ana siku 30 za kujibu. Tunzeni faili ghafi za kurekodia pamoja na karatasi iliyosainiwa na waimbaji; ndizo ushahidi.

Nota za zamani zisizo na haki zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Soma mwaka wa chapa kabla ya kupakua, kwa sababu chapa mpya zilizosahihishwa na wataalamu zinaweza kuwa bado zinalindwa mahali fulani.

Tuna kamera moja na kinasa sauti kimoja. Tunataka kurekodi kwaya ya watu 30 na piano wakiimba tuni ya furaha ya Simfonia ya Tisa, iingie kwenye filamu yetu ya shule. Tufanyeje? (Mwalimu, Moshi)

Anzeni na sauti, picha itafuata. Zimeni feni, friji na taa zinazovuma. Chini ya bati, epukeni saa za mvua, na msirekodi jua linapoanza kuchoma, maana bati hulia likitanuka. Kama mna maiki mbili za aina moja, zifungeni kwenye stendi moja ncha zikiachana sentimita 17 na pembe ya nyuzi 110 kati yake, mita 2 hadi 3 mbele ya kwaya, kimo kama mita 2.5 hadi 3 juu ya sakafu, zikiangalia waimbaji wa safu ya nyuma. Maiki zikiwa chini, safu ya mbele ndiyo itakayosikika peke yake. Piano ikae pembeni, kifuniko kikifunguka kuelekea maiki. Ikizidi nguvu, isogezeni nyuma. Msikimbilie kufunga kifuniko, sauti itafubaa.

Wekeni 48 kHz na biti 24, kisha zimeni urekebishaji wa sauti wa moja kwa moja kwenye kinasa na kwenye kamera. Hili ndilo kosa linaloua rekodi nyingi za kwaya. Muziki huu unaishi kwa kupanda na kushuka. Mashine ikiachiwa, hupandisha penye upole mpaka unasikia pumzi na viti, halafu kwaya ikiingia kwa nguvu huikaba. Imbeni sehemu ya nguvu zaidi, punguzeni mpaka kilele kifike kama -12 kwenye kipimo cha desibeli cha kinasa, kisha msiguse tena. Rekodini pia sekunde 30 za ukimya wa chumba kile. Mhariri atazihitaji kuziba mapengo.

Pigeni kofi mbele ya kamera mwanzoni, na jingine mwishoni. Saa ya kamera na ya kinasa haziendi sawa kabisa. Kwenye rekodi ndefu midomo itaachana na maneno, na kofi la mwisho ndilo litakalowaonyesha kwa kiasi gani.

Kamera moja inatosha. Imbeni mara kadhaa, chagueni rekodi moja bora iwe sauti kuu, na picha ya wote iwe ya rekodi hiyo hiyo. Kisha chezeni sauti hiyo kwenye spika, waimbaji waimbe nayo huku mkichukua picha za karibu: mikono ya mpiga piano, nyuso za alto, kidole kwenye nota. Msijaribu kuunganisha picha za uimbaji mmoja na sauti ya mwingine, mwendo hautalingana. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo picha 25 kwa sekunde na shata 1/50 zitazuia taa kupepesa.

Kuhusu uimbaji wenyewe, tuni ni rahisi mpaka mahali pamoja. Inaanza m m f s, s f m r, d d r m, m r r. Tatizo ni mwisho wa mstari wa tatu: d r s, (sol ya chini), halafu m ya mstari wa nne inaingia pigo moja mapema na kuvutwa kuvuka mstari wa kipimo. Vitabu vingi vya nyimbo vimeinyoosha, kwa hiyo nusu ya kwaya yenu itaingia mapema na nusu itangoja. Fanyeni mazoezi ya vipimo vile viwili peke yake, kwa makofi, kabla ya kuwasha kamera. Na msishike funguo ya asili ya D mkitaka kuendelea mpaka kwaya kamili ya Beethoven, maana soprano wanashikilia nota ya A ya juu kwa vipimo kadhaa mfululizo. Kwa tuni peke yake, shusheni hadi C.

Tunawezaje kumfanya mtazamaji asikie kama Beethoven alivyosikia? (Mwanafunzi wa filamu, Dar es Salaam)

Soma barua ya 1801, kwa sababu ameeleza mwenyewe. Kwenye ukumbi wa maigizo alilazimika kukaa karibu kabisa na okestra ili amwelewe mwigizaji. Akiwa mbali kidogo, sauti za juu za vyombo na waimbaji zilimpotea. Mtu akisema taratibu, alisikia mlio bila maneno. Akipigiwa kelele, hakuvumilia.

Geuza hayo kuwa kazi ya uhariri. Chuja masafa ya juu polepole, kuanzia 8 kHz, ukishuka kuelekea 2 kHz. Konsonanti zitafutika kwanza, na mtazamaji atabaki na mlio usio na maneno. Tia mvumo mwembamba chini yake, usiwe filimbi kali inayoumiza watu wenye vipokea sauti. Mtu akipaza sauti, mpandishe ghafla na kwa ukali. Fanya hivyo kwa sekunde 20 au 30, mara mbili au tatu tu kwenye filamu nzima. Ukimya mtupu uuweke kwa mwaka 1824, na hata hapo ukate mara Unger anapomgeuza, picha ya mikono ikipiga makofi bila sauti.

Msimulizi azungumze wakati gani, na muziki upewe nafasi gani? (Mtengenezaji wa vipindi, Kigali)

Hapa tuna msimamo. Filamu nyingi za watunzi zina muziki dakika zote na hazina muziki hata dakika moja, kwa sababu sauti ya msimulizi imekaa juu yake mwanzo mpaka mwisho. Beethoven hana picha ya kamera wala sauti iliyorekodiwa. Tuna barua, daftari, kinyago cha uso wake alichochukuliwa na mchongaji Franz Klein mwaka 1812 akiwa hai, na picha iliyochorwa na mchoraji Stieler mwaka 1820. Shahidi mkubwa aliyebaki ni muziki, naye anakatizwa kila anapoanza kusema.

Chagua vipande vitatu au vinne na uviache vipite bila neno. Sehemu ya ufunguzi ya Simfonia ya Tano, mpaka pale inaporudiwa, huchukua kama dakika moja na nusu. Huanza na kituo kifupi, halafu m m m d, halafu r r r t. Kile kituo ni sehemu ya muziki, kwa hiyo picha ianze sekunde moja kabla, mkono wa mwongoza okestra ukiwa juu. Ukikata kwenye nota ya kwanza umechelewa. Katika Simfonia ya Tisa, wahariri hurukia kwaya. Rudi nyuma, pale tuni inapotokea mara ya kwanza kwa chelo na besi peke yao, kwa upole, bila chombo kingine. Kisha fidla za alto, kisha fidla, kisha okestra nzima. Ni kama dakika tatu, na mtazamaji asiyejua nota hata moja ataifuata njia yote, mradi umwonyeshe chombo kinachoingia kabla hakijaingia.

Msimulizi aseme kabla ya kipande: sikiliza chelo. Kisha anyamaze. Ikibidi aseme juu ya muziki, muziki ushuke desibeli 15 hadi 20 chini ya sauti yake, na ushuke mwishoni mwa sentensi ya muziki, si katikati. Afadhali zaidi umalize kipande, umwache azungumze kwenye ukimya wa chumba, halafu uanze kingine. Kwa televisheni za Ulaya kiwango cha jumla ni -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani). YouTube hupunguza kinachozidi kama -14. Usikaze sauti ili kufikia namba hiyo. Acha penye upole pawe na upole, na uwaambie watazamaji mwanzoni wapandishe sauti.